UZI: Mac au Windows kwa kazi za grafiki? Niambie kwanza faili lako linachapwa wapi

Fundi Mabango (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kila wiki napata meseji ileile: "Kaka, nataka kuanza kudizaini kwa uhakika, ninunue Mac au Windows?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka. Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki.

Mimi ni mtu wa kadi za harusi na za michango, mabango, stika za magari, lebo za asali na pilipili za akina mama wajasiriamali, na nembo pale mteja anapokubali kwamba nembo si kazi ya bure. Niko Dar. Sijasomea haya mambo darasani. Nilijifunzia kwenye steshenari ya mjomba, nimesimama nyuma ya jamaa aliyekuwa anaijua Corel (CorelDRAW, programu ya michoro na machapisho) kama njia ya kwao.

Nianze na aibu yangu. Mwaka 2022 niliuza pikipiki, nikaongezea na pesa ya mchezo, nikanunua MacBook Air ya M1 (chipu ya Apple wenyewe) iliyotumika. Sitaficha, nilitaka na sifa. Ukiifungua mbele ya mteja, bei yako inapanda kabla hujafungua mdomo.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa kadi 200 za harusi. Majina ya maharusi nikayaweka kwa fonti ya mwandiko, ile yenye mikia mirefu, na chini ya ua nikatia kivuli laini cha dhahabu. Kwenye skrini ya Mac ilipendeza mpaka nikampigia picha mke wangu. Nikatoa PDF, nikaituma kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji ninachopelekea kazi siku zote. Kijana wa pale ana Windows na Corel X7, na chochote anacholetewa anakifungulia humohumo ili apange kadi nne kwenye karatasi moja. Corel ikamuuliza, fonti hii sina, niweke nyingine? Akabonyeza OK, ana foleni ya watu sita mgongoni. Kivuli nacho kikageuka kiboksi cheupe.

Jina la bwana harusi lilitoka kama barua ya kuitwa kwenye usaili. Kadi 200. Nikarudia kwa pesa yangu.

Kijana sikumlaumu na Mac haikuwa na kosa. Sikugeuza maandishi kuwa mchoro kabla ya kutuma (kwenye Corel ni Ctrl+Q, kwenye Illustrator ni Ctrl+Shift+O, na Illustrator ya Mac unaweka Cmd mahali pa Ctrl). Pia sikumuuliza anafungulia nini. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue kompyuta gani, namrudishia swali: kazi yako inaishia mikononi mwa nani? Anza huko mwisho, urudi nyuma. Mchapaji wako ndiye anaamua programu, programu inaamua mfumo, mfumo unakuchagulia mashine. Wengi tunaanza na mashine, halafu tunatafuta kazi ya kuifanyia.

Huu usemi kwamba Mac ndiyo ya madizaina una chanzo chake. Mwaka 1985 Apple walitoa printa ya LaserWriter, na mwaka huohuo Aldus wakatoa PageMaker kwa Macintosh, mtu akaweza kupanga ukurasa wa gazeti mezani kwake. Illustrator ikaja 1987 kwenye Mac. Photoshop ikaja 1990, Mac tu, watu wa Windows walisubiri mpaka 1993. Kwa hiyo kizazi kizima cha magazeti na wakala wa matangazo wa Ulaya na Marekani kilikulia kwenye Mac, na sifa imebaki mpaka leo ambapo Photoshop ni ileile pande zote mbili.

Sasa CorelDRAW yenyewe ilizaliwa 1989, Canada, juu ya Windows. Ilikuja kwenye Mac, ikaondoka, ikarudi 2019. Na sisi huku uchapaji wetu wa mitaani ulijengwa juu ya Windows na Corel. Pita Kariakoo uchungulie skrini za wachapaji uone. Mashine za fleksi (za kuchapa mabango) zinaongozwa na programu za RIP, zile zinazoligeuza faili kuwa nukta za wino, ambazo nyingi ni za Windows tu, na baadhi zina kile kidude cha USB cha leseni ambacho kikipotea kiwanda kinafungwa siku hiyo. Plota za kukata stika nazo zimezoea Corel. Ukitaka kukaa kiti kile, au kuwapelekea watu wale faili la .cdr (la Corel) walimalizie wao, Windows. Hapo mjadala umekwisha, na usimsikilize mtu wa YouTube anayedizaini kwa ajili ya skrini za simu za watu wa California.

Lakini kama kazi zako ni nembo, machapisho ya Instagram, thambineli, miongozo ya chapa za kampuni, mteja anapokea PDF na PNG kwa barua pepe na humjui hata anachapia wapi, basi Mac na Windows ni sawasawa. Hapo angalia mfuko, skrini na umeme wa mtaani kwako.

Kuhusu umeme, hapa naisifia Mac bila aibu. M1 Air haina hata feni, na Apple waliitangaza kwa saa 15 za kuvinjari. Ukiwa na Photoshop hazifiki hizo hata kwa dawa, ila siku nzima ya mgao nimeimaliza nayo bila kutafuta soketi. Kompyuta ya mezani ni nafuu na utaiongezea vitu upendavyo, ila bila UPS (betri ya akiba) umeme ukikatika unabaki unaangalia taswira yako kwenye kioo cheusi.

Tuje kwenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), ambako watu wanaibiwa mchana. Muuzaji atakuimbia "Core i7 hii, chuma!" ukiangalia ina RAM ya GB 4. Chukua bango la mita 3 kwa 2. Dogo aliyesikia kwamba "ubora ni 300 dpi" (nukta kwa inchi) analifungua Photoshop kwa ukubwa kamili na 300 yake. Hiyo ni pikseli 35,433 kwa 23,622, karibu milioni 837. Kwenye CMYK (rangi nne za wino wa uchapaji) kila pikseli ni baiti 4, kwa hiyo tabaka (leya) moja tu ni kama GB 3.3, hujaweka picha ya mgombea wala moshi nyuma yake. Faili la PSD, lile la kawaida la Photoshop, linakomea pikseli 30,000 kwa upande, halitasevu hata ukilia, mpaka utumie PSB, aina yake ya mafaili makubwa. Bango hilohilo kwa 100 dpi ni kama MB 370 kwa tabaka, na likitundikwa barabarani hakuna binadamu atakayeona tofauti, kwa sababu hakuna anayelisoma akiwa amegusisha pua. Kwa hiyo jifunze kwanza dpi, halafu nunua RAM. GB 8 utafanya kazi huku unaomba Mungu, GB 16 unapumua. Na kwenye Mac hizi za M, RAM imeungwa pamoja na chipu, uliyonunua ndiyo utakayozikwa nayo. Mpaka Oktoba 2024 Air za kawaida zilikuwa zinaanzia GB 8, kwa hiyo za mtumba nyingi ni hizo. Laptop za Windows kama ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5 zina sloti mbili, unafungua skrubu, unaongeza.

Skrini. Laptop nyingi za maofisini zinazoletwa mtumba zina paneli za 45% NTSC, zinazoonyesha chini kidogo ya theluthi mbili ya rangi za sRGB (kipimo cha kawaida cha rangi za skrini). Nyekundu inaonekana kama tofali. Unaongeza unyekundu mpaka ikupendeze, ukichapa bango linawaka moto. Dawa ni monita ya nje ya IPS (aina ya skrini yenye rangi za kuaminika) ya inchi 24, hata ya mtumba, na inafaa kuliko kuruka kutoka i5 kwenda i7. Skrini ya MacBook iko vizuri tangu kiwandani, hilo nakubali. Ila hata skrini bora haikuokoi na bluu: bluu kali ya RGB (rangi za skrini) ukiipeleka CMYK inaenda zambarau. Punguza majenta kwa mkono, iwe chini ya sayani kwa asilimia 30 au zaidi, na uombe karatasi moja ya jaribio kabla hawajachapa zote.

Mimi sasa natumia zote mbili. Mac kwa nembo na wateja wa PDF, T480 ya mtumba yenye GB 32 kwa mambo ya kiwandani. Wangeniambia nibaki na moja, Mac ingerudi sokoni. Karibuni mnichambue.

---

TundaLililong'atwa

Mkuu umeandika vizuri ila hapo mwisho umeniudhi. Mimi nina Mac tangu chuo, sijawahi kufomati, sijawahi kuweka antivirasi, faili natoa PDF/X-1a (PDF ya uchapaji) na sijawahi kulalamikiwa. Shida yako ilikuwa PDF mbovu, unaisukumia platifomu.

Fundi Mabango

PDF/X-1a inabana vivuli na kubeba fonti ndani, uko sahihi, na mimi ndiyo natoa siku hizi. Lakini kijana akiifungulia ndani ya Corel ili aihariri, ile fonti iliyobebwa haimsaidii kama hana yake. Wewe mchapaji wako anaipeleka PDF moja kwa moja kwenye mashine. Wangu anaipitisha jikoni kwanza. Ndiyo maana nasema muulize mtu wako.

---

mtoto_wa_RiverRoad

Niko Nairobi na naunga mkono. Huku River Road ukiingia na flash ya PDF wanakuangalia kama mgeni, wanataka CDR, na si CDR ya jana. Mimi niko na Corel mpya, lazima nisevu kwa toleo la zamani ndio ifunguke kwao, na hapo maandishi husonga kidogo, so nageuza yote kuwa mchoro kwanza. Rafiki yangu wa Kampala ananiambia Nasser Road ni hivyohivyo.

Swali, boss: Mac ya M1 si unaweza kuweka Windows ndani?

Fundi Mabango

Boot Camp (njia ya Apple ya kuweka Windows) ilikuwa kwenye Mac za Intel tu, za M haipo. Unaweza kuweka Windows ya ARM ndani ya Parallels (programu ya kuendesha Windows juu ya Mac), lakini hapo umegawa RAM yako ya GB 8 kwa wake wawili, na draiva ya plota ya Kichina usitegemee ikubali. Na Mac za Intel sikushauri kununua leo hata kwa bei ya kutupa. macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kuzikubali, tena ni chache tu zilizoingia. MacBook nyingi za 2016 mpaka 2019 zina na kibodi ya "kipepeo", ambayo vumbi kidogo tu herufi inagoma. Apple wenyewe walifungua mpango wa kuzitengeneza bure, muda wake ulihesabiwa miaka minne tangu mashine iuzwe mara ya kwanza. Piga hesabu.

---

PengwiniMweusi

Naona watu wanagombania matajiri wawili, wa tatu hatajwi. EliteBook 840 G3, Linux (mfumo wa bure), Inkscape ya michoro, Krita ya kupaka rangi, Scribus ya kupanga kurasa. Shilingi sifuri ya programu. Kwa taarifa yenu Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na hiyo G3 Windows 11 haiikubali kwa sababu prosesa ni kizazi cha 6, wanataka kuanzia cha 8. Mashine nzima mtaitupa? Kwangu inapaa. Na GIMP 3.0 (ya kuhariri picha) imetoka Machi 2025, acheni kuitukana kwa mambo ya miaka ile.

Fundi Mabango

Pengwini karibu, nilijua utakuja. Scribus naikubali, CMYK yake ni ya kweli na inatoa PDF/X safi. Inkscape naipenda kwa mchoro tu, na ina siri moja watu hawaijui: inafungua CDR nyingi za zamani, imeniokoa mara mbili. Lakini yenyewe inafikiria kwa RGB, lazima uimalizie Scribus. Kwa mtu mvumilivu kama wewe ni sawa. Kwa mtu ambaye mteja amesimama nyuma yake anasema "ongeza maua kidogo", aah.

PengwiniMweusi

Maua tunaongeza pia. Taratibu.

TundaLililong'atwa

😂😂 Taratibu mpaka harusi ipite.

---

Mama Lebo

Wanangu, mbona hamjasema habari ya leseni? Nina duka la lebo. Nilikuwa na Photoshop ya kuchakachuliwa kwenye kompyuta zote tatu. Siku moja virusi vikaja na hiyo krak, mafaili ya wateja ya miaka minne yote yakafungwa, wanataka nilipe dola. Sikulipa, sikuyapata. Tangu hapo sitaki kusikia.

Fundi Mabango

Pole sana mama. Hili ningeliweka juu kabisa, nimeteleza. Adobe tangu 2013 wameingia kwenye kulipia kila mwezi, CS6 ndiyo ilikuwa ya mwisho kununua mara moja, na kwa kipato chetu cha kuunga ndiyo maana watu wanachakachua. Lakini sasa kuna njia. Affinity, wale wa Nottingham walionunuliwa na Canva Machi 2024, Oktoba 2025 wameifanya bure. Vekta, picha na mpangilio wa kurasa, vyote ndani ya programu moja, Mac na Windows, unafungua akaunti ya Canva tu. CMYK ipo, PDF/X ipo. CDR haifungui, na Linux hawajaileta, Pengwini samahani.

Mama Lebo

Asante mwanangu. Nitamwambia kijana wangu aijaribu. Nimenunua na diski ya nje, kila Ijumaa tunakopi.

---

dada_wa_Mbagala

Shikamooni. Kaka Fundi mimi ni mgeni kwenye hii fani. Nafanyia kwenye simu, PixelLab na Canva, napata oda za fulana za misiba na za kikundi, na posta za Instagram. Nimekusanya laki nane. Dukani wamenionyesha MacBook ya 2015 na ThinkPad T480, bei karibu sawa. Moyo unataka Mac 🙈

Fundi Mabango

Marahaba mdogo wangu. Swali langu unalijua: fulana nani anakuchapia?

dada_wa_Mbagala

Jirani, ana mashine ya sublimesheni (wino unahamishiwa kwenye kitambaa kwa joto). Namtumia picha WhatsApp anachapa.

Fundi Mabango

Kamuulize anataka faili gani. Na kuanzia leo mtumie kama dokumenti, picha za WhatsApp zinakandamizwa.

dada_wa_Mbagala

Nimerudi. Anatumia Windows. Anasema nimpe PNG isiyo na usuli, 300 dpi kwa ukubwa halisi wa kifua, kugeuza kama kioo atageuza mwenyewe. Amesema pia picha zangu za simu zote zilikuwa zinakuja ndogo alikuwa anaona aibu kuniambia.

Fundi Mabango

Umeona. Kwa PNG mashine yoyote inatosha, kwa hiyo angalia umri. Hiyo Mac ni ya Intel, macOS yake haikuvuka Monterey ya 2021, na RAM huongezi. T480. Hakikisha prosesa imeandikwa i5-8 na kuendelea, mfano i5-8350U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Iwashe ubonyeze F1, kama inadai paswedi ya BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine), irudishe na uondoke. Fungua picha nyeupe tupu, nyekundu tupu, nyeusi tupu, ijaze skrini, tafuta madoa. Kisha fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport, itatengeneza ukurasa, utafute DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wa sasa). T480 nyingi zina betri mbili, ya ndani na ya kuchomoa.

dada_wa_Mbagala

Niko dukani sasa hivi. i5-8350U ✔. F1 haijadai kitu ✔. Skrini ina kidoa kimoja pembeni chini. Betri ya kwanza 24,050 na sasa 20,310. Ya pili 23,760 na sasa 9,870. Muuzaji ananiangalia vibaya.

Fundi Mabango

Hiyo ya pili ndiyo ya kuchomoa, imechoka, lakini inabadilishwa bila hata bisibisi. Mwonyeshe hiyo namba kwenye skrini, usibishane. RAM ngapi?

dada_wa_Mbagala

Nane. Kijiti kimoja, sloti ya pili iko wazi.

Fundi Mabango

Safi. Mwambie akuongezee kijiti cha nane kwa bei ileile kwa ajili ya betri.

dada_wa_Mbagala

Amekataa. Amesema nane ataweka ila niongeze elfu ishirini.

Fundi Mabango

Chukua. Akiweke mbele yako, uone RAM inasoma 16 kabla hujatoa pesa.

dada_wa_Mbagala

Inasoma 16 🙏🏾 nimelipa. Kidoa nimekizoea tayari.

mtoto_wa_RiverRoad

Hongera dada. Na mouse usinunue hapo, wanazidisha.